Ni Kifua Tu, Afande

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Sitafuti mwenza wa kugawana naye, maana nimeuzunguka ujinga ule pande zote, kama tunavyozunguka lori pale mpakani kutafuta kilichofichwa, na kila upande nimekuta umeandikwa jina langu.

Jina lenyewe ni Lusajo. Ukifika Tunduma ukamuulizia Lusajo wa forodhani utaletwa kwangu, hata na watu tusiosalimiana. Kazi yangu ni kuhangaikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Zamani niliyaendesha mwenyewe, mpaka moja likanilalia mguu. Kabla ya hapo nilikuwa mume wa mtu, mpaka mwenyewe akatangulia na mtoto wetu tumboni. Nilichobakiwa nacho kizima ni mdomo. Madereva wa Zambia huniita ba Lusajo, kwa heshima zao, kisha huanza kucheka kabla sijasema neno.

Ambakisye ni mtoto wa mjomba wangu, na katika ukoo wetu kule Ileje mtoto wa mjomba ni mtani. Namtukana mbele ya mchungaji, ananitukana mbele ya wakwe zangu, na atakayenuna ndiye mwenye kosa. Tena kazi ya mtani haiishi mtu akiugua. Mtani ndiye anayeshuka kaburini kabla ya jeneza, akajilaza pale chini na kugoma kutoka mpaka wafiwa wamhonge kitambaa au kuku, watu wapate kucheka kidogo katikati ya kilio. Tangu ujana wetu tumekuwa tukibishana ni nani atalala kwenye kaburi la nani. Yeye alikuwa akisema hana hamu na langu, maana litakuwa fupi mno, hatapata pa kunyooshea miguu.

Sasa nieleze habari ya jogoo, kwa sababu bila jogoo huyo hutauelewa ujinga wangu. Enzi hizo Ambakisye anaendesha lori la shaba, alinunua jogoo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ampelekee mama mkwe wake. Kuku wa ng'ambo walikuwa wamepigwa marufuku kwa sababu ya ugonjwa, naye akamficha nyuma ya kiti. Askari wa forodha akaja, akazunguka lori, akauliza kama ndani kuna kitu. Akajibiwa hakuna. Jogoo akawika. Askari akasimama. Ambakisye akajishika kifuani, akakohoa kwa sauti ileile ya jogoo, kisha akasema kwa unyonge, "Ni kifua tu, afande." Askari alicheka mpaka akaegemea tairi. Kisha akamchukua jogoo, na mama mkwe akala maharage.

Tangu siku hiyo Ambakisye hakuweza kukohoa mbele yangu bila kusikia maneno hayo. Kwenye msiba, kanisani, kwenye harusi ya binti yake Tabita, akikohoa tu nami ninamalizia.

Halafu kifua kikaja kweli.

Alikohoa masika yote. Tulisingizia vumbi la Mpemba, pale malori yanapopanga foleni hadi barabara inageuka kuwa mtaa, na nyumba yake imeikabili foleni hiyo. Akanywa mchaichai, akanywa dawa za kifua kikuu, akapungua. Suruali zake zikaanza kuning'inia kama bendera siku isiyo na upepo. Mwisho hospitalini wakampiga picha, wakachukua kipande cha nyama, wakatuita ofisini na kufunga mlango. Ukiona daktari kafunga mlango mwenyewe, usitegemee heri. Ilikuwa saratani ya pafu. Kisu hakikufaa, moyo wake usingehimili. Ila uvimbe ulikuwa bado haujasambaa, na mionzi ingeweza kuumaliza, mradi amalize dozi yote bila kukatisha. Daktari alilirudia hilo la kukatisha. Ukiupa uvimbe nafasi ya kupumzika, alisema, utaamka na hasira.

Mkewe, Jenista, asingeweza kuacha wadogo zake Tabita wala mchele wake wa Kamsamba pale sokoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza Dar es Salaam. Jenista alitufungia chakula cha safari, akaniambia mbele ya mumewe kwamba ananikabidhi mtu, si mzaha. Nikamjibu kwamba mtu huyo na mzaha vilizaliwa mapacha. Hakucheka. Ningepaswa kuliona hilo.

Aliyetupokea kwenye chumba cha mionzi alikuwa binti mwembamba, mtulivu, anaitwa Yasmini, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Alituketisha, akatueleza kwa mkono wake. Alikunja ngumi: huu ndio uvimbe. Akaiweka ubavuni. Akivuta pumzi, ngumi ikashuka. Akitoa, ikapanda. Uvimbe wa Ambakisye ulikuwa umekaa sehemu ya chini ya pafu, jirani na moyo, mahali panapotikisika kuliko kwingine, na mionzi ikikosea ingechoma nyama nzima na kuuacha wenyewe ukitazama. Kwa hiyo mashine yao ilikuwa inapiga picha mfululizo wakati uleule wa matibabu, haraka haraka, moja haijapoa nyingine imeshafika. Ikiuona uvimbe umekaa pale ulipopangiwa, inachoma. Ukihama, inakata. Ukirudi, inachoma tena. Mgonjwa kazi yake ni kupumua kama mtu aliyelala. Asikohoe, asiongee, asijikaze.

Mimi nikatia neno. Nikamwambia kwamba kwetu mpakani lori linapigwa picha mara moja, linagongewa muhuri, linakwenda zake. Wao mbona hawaiamini picha yao ya kwanza? Moyoni nilidhani wanatuzungusha.

Yasmini alinitazama bila kukasirika. "Lori lenu halipumui, kaka."

Ambakisye alifurahi mno kuona nimefungwa mdomo. Akasema yeye amelielewa jambo hilo vizuri: ni kama mzigo usiokazwa kamba, ulipokuwa Mbozi sipo utakapokuwa Makambako, na dereva asiyetazama kioo atafika na turubai tupu.

Basi tukaanza. Kila siku ya kazi nilimpeleka, akavua viatu vyake mlangoni, vile vya ngozi vya udereva alivyokataa kuvibadilisha kwa kandambili, nikamshika kwapa kumpandisha kitandani, kisha sote tukatoka na mlango mzito ukafungwa. Alikuwa mtu wa kujaza mlango wa lori. Sasa mkono wangu ukipita kwapani mbavu ziliupokea moja moja. Siku moja Yasmini aliniruhusu nisimame nyuma yake nitazame kioo. Nikauona. Kitu cha kijivu, kidogo kuliko nilivyokiogopa, kinapanda na kushuka kama panya anayechungulia mlangoni mwa shimo. Kikichungulia, taa inawaka. Kikirudi, inazimika. Nilisimama pale nikajikuta nami napumua kwa kukifuata, na hamu ya kusema lolote ikaniisha. Hilo kwangu si jambo dogo.

Kwenye benchi la kusubiri tulikuwa tumempata mwenzetu wa nyumbani, mzee Ezron wa Msangano, aliyekuwa na uvimbe shingoni. Yeye na Ambakisye walikuwa wakiongea habari za mvua na ng'ombe kama watu wawili waliokutana mnadani. Asubuhi moja tulipofika, pale alipokuwa akikaa mzee Ezron palikuwa na mkoba wa mwanamke. Ambakisye akamuuliza mwenye mkoba kama pana mtu. Akajibiwa hapana mtu. Hakuna aliyetueleza zaidi, na hatukuuliza.

Hiyo ndiyo siku yenyewe.

Nilipompandisha kitandani mwili wake wote ulikuwa umekaza. Macho yalikuwa juu, kwenye dari, kama anasoma kitu. Midomo ilikuwa mikavu. Nilimjua mtu yule tangu tukichunga mbuzi, na sikuwahi kumwona na uso ule, hata siku lori lake lilipokatika breki. Yasmini alishatangulia mlangoni. Nami, badala ya kumfuata, nikainama sikioni mwake. Nilifikiri nampa dawa. Nikamnong'oneza:

"Wakikuta kitu humo ndani, sema ni kifua tu, afande."

Nikatoka. Mlango ukafungwa.

Mwanzoni hakucheka, ndicho kitu cha ajabu. Alivumilia. Nilisimama nyuma ya Yasmini nikauona yule panya anapanda, anashuka, taa inawaka, inazimika, nikajipongeza. Halafu jogoo akamfikia. Kwenye kioo kile kitu cha kijivu kilitetemeka, kikaruka juu, kikapotea nje ya alama yake, kikarudi, kikaruka tena. Taa ilizimika palepale, haikuwaka tena. Kwenye spika nilisikia mtani wangu akicheka, kicheko chake cha zamani cha kutikisa lori, na kwa muda mfupi sana nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha.

Tulipoingia alikuwa amekunjamana ubavu, shuka limeingia damu. Yasmini alimwinua, akamfuta, akamwambia avute polepole, baba, polepole. Ambakisye akawa ananielekezea kidole, machozi yanamtoka, anataka kusema kitu na hawezi. Mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka bado.

Nilipomuuliza Yasmini kama mionzi imemchoma mahali pasipofaa, alisema hapana, mashine ilikata mapema kabla sisi hatujaelewa kinachoendelea. Imefanya kazi yake. Akamalizia kwa sauti ileile ya kubembeleza kwamba kuanzia kesho utani wangu niuache mlangoni pamoja na viatu.

Lakini kesho hakukuwa na matibabu. Homa ilimpanda usiku, kifua kikajaa, wakamlaza wodini na kusimamisha mionzi. Daktari alisema homa ilikuwa njiani hata bila kicheko, damu yake ilionyesha hivyo. Namheshimu daktari, ila namfahamu pia mtu anayemfuta mwenzake vumbi asijisikie vibaya. Zilikuwa zimebaki siku chache dozi ikamilike, na sasa uvimbe ulikuwa umepewa ruhusa ya kupumzika, kwa sababu ya jogoo aliyeliwa miaka mingi iliyopita.

Homa iliposhuka Ambakisye akaomba kwenda nyumbani, siku mbili tatu tu, aione foleni yake. Daktari hakupenda. Alikubali kwa masharti: asipitilize juma lile, akipitiliza dozi itakuwa imevunjika na hakuna wa kuiunga. Safari nzima Ambakisye alilala akiegemea dirisha. Mimi nilikaa kimya kutoka Dar hadi Mpemba, na abiria wa nyuma waliokuwa wakinifahamu waliuliza kama ni mimi ninayeumwa.

Jenista alitupokea vizuri mbele ya watu. Usiku alimuuliza mumewe kilichotokea, naye, bwana huyo asiyejua kuficha kitu tangu zama za jogoo, akamsimulia yote, tena kwa kujisifu.

Siku iliyofuata alishinda ndani. Miguu ilikuwa imevimba, akitembea pekupeku kwa kukokota. Watu wa kanisa wakaja kuimba. Mama yake alituma ujumbe kutoka Ileje kwamba mwanawe apandishwe milimani, akapumzike karibu na baba yake. Kila mtu alijua baba yake yuko wapi. Yuko chini ya mipera nyuma ya nyumba, na jirani yake pamebaki nafasi. Jenista akaanza kukunja mashuka na kuyapanga kwenye begi, hakusema ni ya kwenda wapi. Mimi nilifika mara mbili nikiwa na habari ya basi, nikaambiwa mgonjwa amelala.

Siku ya tatu Yasmini alinipigia simu. Alitaka kujua kama tuko njiani. Nikamwambia ndiyo, uongo wa forodhani, unaotoka wenyewe. Kisha nikaenda Mpemba asubuhi ileile, na njiani nilipita lori baada ya lori, injini zimezimwa, madereva wamekaa chini ya matela wakipika chai, hakuna kinachosogea.

Nilimkuta Ambakisye sebuleni, kwenye kiti chake kinachokabili mlango, kajifunika blanketi kutoka mabegani mpaka chini. Jenista alikuwa anampoozea uji. Nilisalimia, nikakaa, nikasema basi la jioni lina nafasi.

Jenista hakuinua macho. Alisema lori la kwenda Ileje limeshapatikana, la mchana, na kijana wa kanisa ataendesha taratibu. Nikamwambia shemeji, dozi itavunjika. Akasema dozi ilishavunjika, na aliyeivunja amekaa hapa kwangu anasubiri chai. Nikameza hilo, lilikuwa langu. Nikajaribu kumweleza mambo ya ngumi na pumzi, kwamba uvimbe unafuatwa kwa picha, kwamba mtu hachomwi ovyo. Akasema hajui picha. Anachojua ni kwamba aliniazima mume anayetembea nikamrudishia wa kubebwa, na kwamba mtu wa kufa ana haki ya kufa akimwona mama yake, si akitazama dari ya watu asiowajua.

"Nani kasema anakufa?" nikauliza.

"Si wewe mtani? Kaburi ni kazi yako. Nimeona una haraka nayo."

Nikasimama. Yapo maneno ambayo mtani hanuni, lakini siku hiyo nilinuna. Nikamwambia kwamba mimi nimeshazika mke, najua kukaa na kusubiri kunavyofanana na kuua, na kama anataka ujane aseme wazi, asimsingizie mama mkwe. Bakuli la uji likatua mezani likamwagika. Akasema anayejua mumewe anataka nini ni yeye aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Ambakisye mwenyewe aliomba kurudi nyumbani, na mtu anayeomba nyumbani amechoka. Nami nikasema aliyekuwa naye alipoomba ni mimi, aliomba siku mbili tatu tu, na mtu anayehesabu siku anataka kurudi. Amechoka, akasema. Anaogopa, nikasema. Anataka mama yake. Anataka kupona. Tukawa tunarushiana hivyo, mtu akiwa katikati yetu kama mzigo ambao kila wakala anadai karatasi zake ndizo halali.

Tulinyamaza kwa pamoja kwa sababu tulimsikia anakohoa. Alikohoa kidogo, akangoja pumzi irudi mahali pake, kama alivyofundishwa. Hakutazama hata mmoja wetu. Alikuwa akitazama nje, kwenye foleni, ambako lori la kwanza lilikuwa limewasha injini. Kisha mkono wake ukatoka polepole, ukalishika blanketi magotini na kulivuta juu.

"Ile mashine hutazama kwanza nilipo, ndipo inachoma," alisema. "Nyinyi mnanichoma tangu asubuhi, na hakuna aliyeona kwamba nimevaa viatu vya kwenda kuvua tena mlangoni kwake."